Fundi wa Juu ya Reli

Watu wa Kibaoni ni wabishi. Wanabishana mpira, wanabishana siasa, wanabishana hata kama mvua ya jana ilikuwa mvua au manyunyu. Lakini tangu nifungue kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi, nyuma ya duka langu, pale jirani na soko, sijaona ubishi kama ule ulioletwa na sizoni ya mabembea. Nimeonyesha ngumi, nimeonyesha mapanga, nimeonyesha zile za mapenzi za Kikorea ambazo wanawake wanaingia na vitambaa vya kufutia machozi wamevishika tayari mkononi. Hakuna iliyowagawa watu namna ile, na hakuna nyingine ambayo nikiikumbuka natamani ningeipasua televisheni kabla haijaanza.

Aliyeileta ni Rahim, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi, nimemwoza mimi, na sauti ya kibanda ni yake. Anakaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, maiki mkononi, na watu wa kwenye picha wakisema kwa lugha yao yeye anawasemea kwa Kiswahili. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Hilo halijawahi kumzuia. Asipoelewa anatunga, na akitunga ndipo watu wanapofurahi zaidi, kwa hiyo siku hizi nadhani hata pale anapoelewa anatunga.

Siku moja alikwenda Mpanda kutafuta ngumi. Jamaa wa stendi anayeingiza muvi kwenye flashi akamjazia vitu vyake, na tulipokuja kuifungua Jumamosi mchana, watu wameshakaa, tukakuta hakuna ngumi. Ni makala ya vipindi vingi kuhusu mabembea makubwa ya Ulaya: yanavyojengwa, yanavyofungwa vyuma, yanavyojaribiwa kwa midoli mizito iliyojazwa maji kabla watu hawajapanda. Nikamwambia Rahim aitoe haraka kabla watu hawajanirudia mlangoni kudai kiingilio chao.

"Shangazi, tuwaangalie kwanza," akasema. "Wakianza kuguna naweka mpira wa zamani."

Hawakuguna. Treni ndogo isiyo na paa ilipanda mlima wa vyuma polepole, ikafika kileleni, ikatulia kidogo, kisha ikajitupa. Kibanda kizima kikashika mabenchi. Mama mmoja muuza mkaa akafunika macho kwa kanga, akauliza, "Wamekufa?"

"Bado," Rahim akajibu kwenye maiki, na watu wakaangua kicheko kilichosikika mpaka sokoni.

Basi ikawa ndiyo habari ya mji. Denis, yule anayeendesha mashine ya kukoboa mpunga, akawa mkuu wa Wambao, yaani mashabiki wa mabembea yaliyojengwa kwa mbao. Alisema la mbao linalia, unalisikia linavyoteseka, na huo ndio utamu wake. Upande wa pili walikuwa Wachuma, wengi wao vijana wa bodaboda, waliosema mbao ni ushamba, chuma ndicho kinachokupeleka kichwa chini miguu juu. Watu walinuniana. Kuna bwana alihamisha magunia yake ya mpunga kutoka kwa Denis akaenda kukoboa kwingine, kwa sababu ya mabembea ambayo si yeye wala Denis atakayeyakanyaga mpaka Kiyama. Kipindi kilichoonyesha bembea kuukuu la mbao likibomolewa, Denis alilia waziwazi, na Wachuma wakamchangia soda.

Kulikuwa na kundi la tatu, la watu wazima kutoka Usevya, kijiji cha jirani, waliokuja na swali moja tu: mtu mwenye akili zake analipa vipi ili aogopeshwe? Mzee Josephat ndiye aliyelisema vizuri. Alisimama katikati ya kipindi akasema wazungu wakikosa hofu waje Mpimbwe, huku tembo anaingia mahindini bure na kiboko anakukimbiza kwenye jaruba la mpunga bure, tena bila mkanda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilifurahi pia, maana ilikuwa muda mrefu sijamwona mzee yule akitoa mzaha. Yeye na mkewe Eufrazia walikuwa wamefiwa na mtoto wao Alex, na walifiwa vibaya, bila maiti.

Alex nilimjua. Alikuwa mteja wangu wa damu, mahali pake ni pale karibu na nguzo, hachelewi wala hapigi kelele. Mwaka ule mpunga ulipoharibika alikwenda Kapalamsenga kutafuta maisha ziwani, akaingia kwenye boti la dagaa. Upepo ukawapata. Boti lilionekana upande wa Kongo limepinduka, watu hawakuonekana. Usevya walilia matanga, lakini ya kulilia hewa. Baadaye wazee wa ukoo wakashauri kwamba mavuno yakiisha wazike shati lake, paroko asome misa, pawekwe msalaba, mama yake apate mahali pa kupiga magoti. Eufrazia, ambaye wote tunamwita Mama Alex, alikubali. Alichagua shati la bluu la mikono mirefu, akalifua, akalikunja, akaliweka tayari. Naomba mlikumbuke hilo shati.

Sasa niseme kosa lilivyotokea, maana nimesikia watu wakilisimulia hovyo.

Rahim ana desturi yake, na wenye kazi kama yake wengi wanayo: watu wa kwenye picha huwapa majina ya watu wa hapa. Mzungu mwenye upara aliyekuwa akielezea mabembea alimwita Katibu Kata. Dada aliyezimia kwenye treni alimwita Denis. Ukisikia jina lako unazomewa, unacheka, unatoka umekuwa mtu maarufu. Wapo walioniomba nimwambie Rahim awaingize.

Kwenye kipindi kimoja wakaonyesha mafundi wanaopanda alfajiri kukagua reli kabla geti halijafunguliwa. Mmoja alikuwa mtu mweusi, mrefu, ovaroli ya bluu, kofia ngumu kichwani, amekaa juu kabisa ya reli ameipa kamera mgongo, anakaza nati kwa spana. Mtangazaji akamuuliza kitu. Akajibu maneno machache bila kugeuka. Akafuta mikono kwenye makalio ya suruali, akashuka ngazi, basi.

Alex alikuwa akifuta mikono hivyohivyo. Najua kwamba nusu ya wanaume wa dunia hii wanafuta mikono hivyo. Lakini Rahim akamkumbuka rafiki yake, na mdomo ukatangulia akili. Akasema kwenye maiki, "Na huyu mnayemwona ni Alex wetu wa Usevya. Msimsumbue, yuko kazini. Anasema anawasalimu nyie wote, hasa mama yake."

Watu wakacheka kwa mazoea. Kisha kicheko kikakatika katikati. Kipindi kilipoisha walitoka wakinong'ona. Nilimtazama Rahim, akainamisha kichwa akawa anazungusha waya wa maiki.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nilimkumbuka tu, shangazi."

Habari haikulala. Ilifika Usevya kabla ya jua kuzama, na ilipofika ilikuwa imeshakua: Alex ameonekana kwenye televisheni, yuko Ulaya, ni fundi wa mabembea, ametuma salamu kwa mama yake.

Jumapili baada ya misa Mama Alex akaja. Alivaa vitenge vya sikukuu, akakaa benchi la mbele kabisa, yeye ambaye hajawahi kukanyaga kibandani kwangu kwa sababu aliona ni mahali pa wahuni. Kibanda kilijaa mpaka watu wakatoboa matundu kwenye turubai. Nilikuwa nimeshamwambia Rahim: picha ikifika pale, sema huyu ni fundi fulani, jina hatulijui, endelea. Tukadhani tumemaliza.

Fundi akatokea juu ya reli. "Hapa tunamwona fundi mmoja," Rahim akasema, "anaangalia nati."

Mama Alex akamgeukia. "Mbona leo humtaji?"

Rahim akanyamaza. Na hapa ndipo ninapowakasirikia watu wa Kibaoni mpaka leo, maana kama wangenyamaza na wao, labda lingepita. Mtu nyuma akasema, "Mtaje." Mwingine akasema, "Ni Alex, mama, ndiye, muangalie mabega." Denis, mtu mzima na mashine yake, akasimama akasema Alex alipokuwa akimsaidia kukaza mkanda wa mashine alikuwa anakaa hivyohivyo, upande mmoja. Wachuma wakabisha kwamba Alex alikuwa mfupi kidogo. Wambao wakasema kule mtu anakula vizuri, anarefuka. Walibishania mtoto wa watu kama walivyobishania mbao na chuma, na mama yake amekaa palepale mbele yao.

Yeye hakubishana. Aliomba irudishwe, ikarudishwa. Fundi alipofuta mikono, akaweka kiganja kifuani, akasema taratibu, "Ndiye."

Kesho yake mimi na Rahim tulifunga duka tukaenda Usevya. Tuliwakuta mzee na mkewe uani, Mama Alex anapepeta mchele. Rahim akapiga magoti kabisa. Akasema, "Mama, nisamehe. Lile jina nilibuni. Yule mtu hakusema jina, wala hakusema salamu. Mimi Kiingereza sikijui, natunga."

"Unatunga," Mama Alex akasema huku anapepeta. "Na mabembea umeyatunga? Na lile treni?"

"Hapana, mama. Yale ni ya kweli."

"Wale mafundi ni wa kweli?"

"Ni wa kweli."

"Basi watu wote ni wa kweli, mwanangu tu ndiye wa kutunga." Akaweka ungo chini. "Jina lake lilikujia lenyewe mdomoni, miongoni mwa majina yote ya Mpimbwe. Majina hayaji hivihivi, mwanangu. Inuka, usichafue suruali."

Kisha akatupakulia wali na kisamvu, akatuhudumia vizuri sana, na sikuwahi kula chakula kigumu kumeza kama kile. Wakati wa kuondoka Mzee Josephat alitusindikiza mpaka barabarani. Akasimama, akaangalia huku na huku, akaniambia, "Mama Iman, mimi najua mwanangu yuko majini. Lakini tangu juzi mama yake analala usingizi. Sina nguvu ya kumnyang'anya."

Misa ikaahirishwa. Shati likatolewa kwenye mfuko likatundikwa msumarini chumbani, likisubiri mwenyewe. Mama Alex akapaka nyumba chokaa. Kila Jumapili baada ya kanisa akawa anapita kibandani, namwekea kile kipande peke yake kabla sijafungulia watu, anaangalia, anashukuru, anakwenda zake. Sikumdai kiingilio. Mtaniuliza kwa nini sikukataa. Mkataeni nyie mama anayemwona mtoto wake, halafu mje mniambie mlivyofanya.

Mashabiki nao walikuwa wameshaacha mbao na chuma. Sasa walikuwa Ndiye na Siye. Wa Ndiye walitaka kujua anapokea mshahara kiasi gani, na kama anaweza kuvuta wengine. Kijana mmoja alinijia dukani kwa siri kuuliza kama Mama Alex ana namba yake. Wa Siye walionekana watu wabaya, wenye wivu, na mmoja baada ya mwingine wakahama wakawa Ndiye ili wapate amani. Sizoni yenyewe iliisha, hakuna aliyeulizia kipindi kilichofuata.

Masika yale Mzee Josephat akaumwa. Kilianza kifua, kikageuka kitu kingine, akapelekwa Mpanda, akarudishwa. Mama Alex alimuuguza huku anasema, "Vumilia, mwanao lazima amesikia, watu wa Ulaya wanasikia kila kitu." Alituma maneno kwa kila anayesafiri kwenda Dar. Mzee alikuwa anaitikia tu. Nilikwenda kumwona mara ya mwisho, akanishika mkono, akasema nimwangalie mkewe. Sikujua namna ya kumwangalia, na bado sijui.

Alizikwa mchana wa jua kali. Udongo ulipokwisha kufukiwa na paroko amemaliza sala, Mama Alex akapita mbele ya watu wote akasimama kichwani mwa kaburi. Mimi nilidhani anataka kuaga. Akashika ziwa lake la kushoto kwa mkono wa kulia, mbele ya wakwe zake, mbele ya paroko, mama mtu mzima aliyekuwa na haya hata ya kula njiani.

"Baba yake amekufa anamwita," akasema. "Yuko Ulaya anachezea mabembea, hakuja kumzika. Mimi Eufrazia nimemnyima radhi. Maziwa niliyomnyonyesha namdai. Nisimwone."

Paroko akamshika bega, akamwambia mama, rudisha hayo maneno. Hakuyarudisha. Rahim alikuwa nyuma yangu, nilisikia anapumua kama mtu aliyebeba gunia. Akatoka katikati ya watu akapiga kelele, "Mama, Alex alikufa ziwani. Ni mimi niliyesema uongo. Ni mimi." Wajomba zake Alex wakamshika wakamtoa nje ya makaburi, wakamwambia aache kufanya fujo msibani. Hawakuwa na ubaya. Hawakuwa na pa kuyaweka hayo maneno yake, basi.

Tangu siku hiyo Mama Alex hakuja tena kibandani. Mpunga ulipoanza kubeba nikapita njia ya majarubani kwake, nikaona amesimamisha mti wenye mikono miwili wa kutishia ndege, ameuvika lile shati la bluu. Nililia njia nzima, na mimi si mtu wa kulia.

Jean-Marie alikuja baada ya mavuno. Nilikuwa napima sukari, akasimama mlangoni mtu mwembamba mwenye kovu shingoni, akasema anatafuta wazazi wa Alex wa Usevya. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya ziwa. Nikamwambia aingie, nikampa kiti, sukari nikaiacha kwenye mizani.

Alikuwa naye kwenye lile boti. Walishikilia mbao wao wawili, maji yakawatupa pwani ya Kongo, mbali na vijiji. Alex alifika mzima lakini ndani alikuwa ameumia, akadhoofika, akafa mikononi mwake akimlilia mama yake, kabla hawajapata msaada. "Nilimuzika mimi na wavuvi wa kule," akasema. "Pahali pazuri, juu, maji hayafike." Halafu njia ikafungwa, mara vita, mara yeye mwenyewe kuumwa, ndiyo maana amechelewa. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na medali ya Bikira Maria kwenye uzi mweusi.

Nilimpeleka mwenyewe. Niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi njiani, nikijiambia sasa yataisha, sasa atajua mtoto wake hakumtupa, atalia kilio cha kweli, atapona.

Mama Alex alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipopewa medali akaigeuza, akaiweka juu ya mkeka.

"Hizi zinauzwa parokiani," akasema. "Kila mtu anayo."

"Hii ina meno, mama," Jean-Marie akasema kwa upole. "Pembeni. Aliniambia aliing'ata siku ya kipaimara, akachapwa na baba yake."

Hapo niliona uso wake. Sitausahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango, akaona kilichomo ndani, akaufunga upesi. Na nikaelewa, mimi mpumbavu niliyekuwa nafurahi njiani. Akikubali kwamba yule wa Kongo ni mwanawe, basi alisimama juu ya kaburi la mumewe akamlaani mtoto aliyekwisha kufa akimlilia. Akikataa, ana mtoto mbaya, lakini mzima. Tulikuwa tumemwachia hayo mawili tu.

"Umekosea nyumba, baba," akamwambia Jean-Marie. "Wa kwangu yuko Ulaya. Lakini umetoka mbali, hutaondoka na njaa."

Akampikia. Jean-Marie alikula huku machozi yanamdondokea kwenye sahani. Usiku ule alilala kwangu, asubuhi akaondoka, medali akaniachia. Mimi ni Mwislamu, sijui itunzwe vipi. Niliifunga kwenye karatasi safi nikaiweka kwenye droo ya duka, peke yake.

Wiki ile haikuisha. Siku ya kazi, asubuhi, kibanda kitupu, Rahim anafagia, Mama Alex akaingia. Alikuwa na kifurushi cha kanga. Akakaa benchi la mbele, akakifungua juu ya mapaja. Lilikuwa lile shati, limefuliwa, limepigwa pasi, limepauka mgongoni kwa jua la jarubani.

"Niwekee," akasema.

Rahim akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, ningefanya nini. Picha ikaja, alfajiri ile, reli zile, fundi juu kabisa ametupa mgongo. Rahim akachukua maiki kwa mazoea.

"Leo usinitafsirie anayosema yeye," Mama Alex akasema. "Mtafsirie yeye ninayosema mimi."

"Mama," Rahim akasema.

"Wewe ndiye unayeongea nao. Mwambie."

Akaanza kusema kwa Kipimbwe, pole pole, akimwangalia yule fundi. Kipimbwe changu mimi ni cha sokoni, cha bei na salamu, sikufuata. Rahim amekua nacho. Aligeuza stuli yake, kwa mara ya kwanza akatupa mgongo sisi, akaielekea televisheni, akaweka maiki mdomoni.

"Alex," akasema. "Ni mama yako. Anasema baba alikusubiri, hakukukasirikia. Anasema yale maneno ya makaburini ameyarudisha, ameyameza mwenyewe, yasikufuate huko uliko. Maziwa hakudai. Anasema shati lako lipo." Akasogeza stuli karibu zaidi. "Anasema ugeuke kidogo, akuone uso."

Fundi alikaza nati yake. Mtangazaji akamuuliza kile anachomuulizaga, akajibu yale maneno yake machache. Akafuta mikono kwenye makalio ya suruali, akashuka ngazi, akatoka kwenye picha. Ikabaki reli tupu na mawingu ya kwao.

Mama Alex alingoja kidogo, mikono juu ya shati.

"Hajasikia," akasema. "Rudisha, umwambie tena."

Rahim akarudisha.